Kinga ya Faida

Juzi baba alinipigia simu nikiwa kazini akaniambia wameiba kinga ya Faida. Nilikuwa nimesimama kwenye mstari wa kufunga maboksi, glavu mkononi, simu nimeibana kati ya bega na sikio, na msimamizi ananitazama kwa jicho la pembeni. Nikamuuliza wameiba saa ngapi. Akasema hajui, alitoka barazani asubuhi akakuta mnyororo umekatwa umelala chini. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayekwambia sukari imeisha. Nikamwambia pole baba, nitapita nikitoka. Nikaendelea kufunga maboksi, na ndani yangu sikusikia kitu, si hasira wala huzuni. Hapo ndipo nilipojishangaa kidogo, maana baiskeli ile tulitoka nayo Louisville, tukahamia nayo Columbus, tukaja nayo hapa Buffalo, na katika nyumba zote hizo ilipewa mahali pake kabla ya vitanda.

Naandika kwa Kiswahili, kwa ajili ya wenzangu wa rika langu, nyinyi mliokuwa mnasemeshwa Kiswahili na mama zenu halafu mnajibu kwa Kiingereza macho yakiwa kwenye televisheni. Kwa Kiingereza nimeshaisimulia habari hii. Watu huweka mkono kifuani, wanasema wanasikitika sana, kisha wanangoja nilie. Mimi silii. Basi huondoka kama watu walionyimwa chakula.

Tuanze na hilo neno. Wengi mnajua kinga ni kitu cha kumlinda mtu. Kwetu Uvira, na Kivu yote, kinga ni baiskeli. Sasa mimi nilizaliwa kambini, Tanzania, nikaanza shule hukohuko, na ukutani mwa zahanati yetu palikuwa na maandishi makubwa ya buluu: Kinga ni bora kuliko tiba. Mwalimu alituimbisha. Kinga ya malaria ni chandarua, kinga ya kipindupindu ni kunawa mikono. Nikirudi nyumbani namkuta baba analalamika kinga imepata pancha. Mtoto mwenye akili zake angejua kwamba hayo ni maneno mawili yanayofanana sura. Mimi niliyafanya moja. Niliamini baiskeli inaitwa kinga kwa sababu inalinda watu wasife, na hakuna aliyenisahihisha, kwa kuwa hakuna aliyejua kilichomo kichwani mwangu.

Tena nyumbani walinitia moyo bila kujua. Kabla sijazaliwa, kazi ya baba ilikuwa kupakia chumvi na mawese kwenye baiskeli na kuyasukuma kutoka bondeni hadi kwa watu wa milimani, kisha kushuka na maharage. Vita vilipofika, alimpakia mama pamoja na dada yangu Faida, ambaye alikuwa bado ananyonya, akawakimbiza hadi ziwani. Mama alilitolea ushuhuda jambo hilo kanisani mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka, na kila mara alimalizia kwa kusema bila kinga tungekufa. Watu wote wakaitika amina. Wewe ungekuwa mtoto mdogo umekaa mkekani pale, ungefikiri nini?

Kesi yetu ya kuja Amerika ilipoitwa, Faida hakuwa ndani yake. Alikuwa ameshahesabiwa mtu mzima, kesi yake ikawa peke yake. Yetu ikaenda, yake ikabaki. Waliotoka kambini wanajua maana ya neno hilo kubaki, na ambao hawakutoka kambini hata nikieleza mpaka kesho sidhani watalielewa. Tulifika Louisville mimi, mama na baba, tukapewa nyumba ya ghorofani yenye zulia lililonuka mbwa wa watu wengine. Baba akapata kazi ya usiku kwenye ghala. Haukupita muda mrefu akarudi na baiskeli nyekundu aliyoinunua kwa mzee mmoja Mmarekani aliyekuwa anauza vitu vyake mbele ya nyumba. Akaifungia keria ya chuma nyuma, nene kama ile ya kubebea mawese, akasema hii ni ya Faida, akifika ataenda nayo kazini. Akaisimamisha sebuleni, akaifunika kitenge. Hakuna aliyeruhusiwa kuipanda.

Kila Jumapili tukitoka kanisani tulimpigia Faida. Wakishamaliza kusalimiana, baba alikuwa na neno lake moja: "Kinga yako iko. Inakungojea." Faida alicheka. Alikuwa na kicheko cha kuvuta pumzi ndani, kama mtu aliyemwagiwa maji baridi. Mimi sikucheka. Niliona kuna kosa kubwa limefanyika. Yeye yuko kule kwenye mbu na matope, na kitu chake cha kumlinda kiko huku sebuleni kimevaa kitenge. Siku moja nikamuuliza mama kwa nini tusimtumie. Mama alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo, akacheka mpaka akaweka mchi chini. Akaniambia kinga haitumwi, mtu anaifuata mwenyewe.

Halafu Faida akapata homa. Mwanzoni ilikuwa homa tu, kila mtu kambini ana homa. Baadaye simu zikawa zinakuja hata katikati ya juma, na mama akaanza kufunga na kuomba. Nilisikia watu wazima wakisema mgonjwa anaongezeka, na kwa muda mrefu nilidhani hiyo ni habari njema, kwamba anaongezeka mwili. Nilipojua maana yake ni kwamba anazidiwa, nikashughulika na baiskeli. Nilipotoka shule niliifunua, nikaipangusa, nikaupaka mnyororo wake mafuta ya kupikia, nikaweka mkono juu ya kiti nikaomba. Lakini moyoni nilijua haitoshi. Kinga iliyomwokoa Faida alipokuwa mchanga haikumwokoa kwa kusimama sebuleni. Ilipandwa, ikakimbia. Hii nayo ilitakiwa ipandwe.

Louisville ni mji wa tambarare, ila upande wa kusini kuna bustani kubwa yenye kilima, na barabara ya lami inazunguka ndani ya msitu mpaka kileleni. Wapanda baiskeli wa mji mzima wanakijua kilima hicho, wanajisifia kukipanda kama watu wetu wanavyojisifia kufunga siku nyingi. Baba alikiita kamulima, yaani kilima kidogo tu. Mimi nilikiita Mlima, kwa sababu sikuwa nimewahi kuona mwingine. Mwaka ule ilitangazwa kwamba kutakuwa na mashindano ya wale wanaolipwa, watapanda pale, na barabara zitafungwa. Shuleni kwetu walizungumza juu ya hilo juma zima. Nilipomweleza mama, aliuliza wanalipwa kwa kubeba nini. Nikamwambia hawabebi kitu. Mama akangoja niendelee, akaona sina la kuongeza, akasema basi Amerika ina pesa.

Asubuhi ya mashindano, Faida alikuwa ameshakufa. Nalisema hapa ili msipate taabu ya kubahatisha. Baba alipigiwa simu na mchungaji wa kambini alipokuwa anamaliza zamu yake. Mama hakujua, mimi sikujua. Kwetu habari ya kifo haitupwi tu. Haiambiwi mtu aliye peke yake, wala haisemwi kwenye simu. Watu hukusanyika kwanza, wanakaa karibu na mwenye msiba, wanaimba kidogo, mtu mzima mmoja anaanza kusema kwa mbali, na jina linatajwa mwisho. Lakini Jumamosi ile nusu ya kanisa letu walikuwa bado kazini na nusu walikuwa wamelala baada ya zamu ya usiku. Wakamwambia baba awangoje mpaka alasiri. Basi ilimbidi akae na neno lile mdomoni asubuhi nzima, mbele ya mwanamke aliyeweza kusoma uso wake hata gizani.

Aliingia, hakuvua viatu. Alikuwa bado amevaa kile kizibao cha kazini cha rangi ya kung'aa. Akaenda moja kwa moja kwenye baiskeli, akaivua kitenge, akakikunja vizuri akakiweka kwenye kochi. Mama akatoka jikoni akamuuliza anaipeleka wapi kinga ya mtoto. Baba akajibu bila kugeuka kwamba kuna mashindano kule kwenye mlima, anaenda kuangalia. Mama akamwambia hajalala. Akasema atalala. Kisha akaniangalia mimi.

"Kadogo," akasema, "panda."

Sijawahi kuitii amri kwa furaha kama ile. Nilijua ameelewa. Hatimaye baba ameelewa kwamba kinga haifanyi kazi ikisimama. Nikakaa kwenye keria, nikashika kizibao chake pande zote mbili, na tangu tulipotoka kwenye maegesho nikawa naomba jambo moja tu: afike juu bila kuweka mguu chini. Akifika juu, Faida anapona. Sikumwambia mtu sharti hilo, nilikubaliana na Mungu mwenyewe.

Chini ya kilima palikuwa na uzio na vijana waliokuwa wakiwarudisha watu wenye magari. Wapanda baiskeli wa kawaida waliruhusiwa kupanda mpaka barabara itakapofungwa, ila wote walikuwa na baiskeli nyembamba na nguo za kubana, na sisi tulikuwa jinsi tulivyokuwa. Nilidhani watatufukuza. Lakini kijana mmoja akaona kizibao cha baba kinang'aa, akadhani ni mfanyakazi wa mashindano, akasogeza uzio akamwonyesha njia kwa heshima. Baba akampungia mkono kama mtu aliyezoea kusogezewa uzio.

Ile barabara inapanda taratibu kwanza, miti imefunika pande zote, harufu ya majani mabichi na mafuta ya kujipaka juani. Watu wamejaa kando, wamekaa kwenye viti vya kukunja, wanagonga kengele. Kengele za ng'ombe, na ng'ombe hakuna hata mmoja. Walipotuona walisimama. Mwanamume amevaa buti za kazi, kizibao cha ghalani, baiskeli ya kike yenye keria ya chuma, na msichana mweusi nyuma amekaza uso kama polisi. Wakashangilia kuliko walivyowashangilia wenye nguo za kubana. Walifikiri ni mchezo tumeutunga kuwafurahisha. Mimi nilifikiri wanajua kuhusu Faida.

Kwenye kona ya juu, palipo pakali zaidi, baiskeli ilianza kusimama. Baba alikuwa amenyanyuka juu ya pedali, nasikia pumzi yake ikikwaruza, mguu wake wa kulia unataka kushuka. Mwanamke mmoja mnene mwenye kengele akaitupa kengele yake kwenye majani, akaja mbio, akamwekea baba mkono mgongoni akatusukuma. Akakimbia nasi mpaka kona ikaisha, uso mwekundu kama nyanya. Baba akamgeukia akamwambia aksanti mama. Nikauona uso wake wote umelowa, maji yanatiririka mpaka shingoni. Sikuwa nimemuuliza kitu, lakini akaniambia, "Jasho." Nikaamini.

Akafika juu. Hakuweka mguu chini.

Miguu yangu ilikuwa imekufa ganzi kwa kuning'inia, nikaanguka niliposhuka. Kuna watoto walikuwa wanaandika barabarani kwa chaki nene za rangi, majina ya wale wanaolipwa, ili wayaone watakapopita. Msichana mmoja akanipa kipande cha rangi ya njano. Nikapiga magoti nikaandika FAIDA, herufi kubwa, upana wa lami nzima. Niliona ndivyo inavyofaa. Mama wa yule msichana akaniuliza Faida ni nani, anaendesha timu gani. Kiingereza changu kilikuwa bado cha kuokoteza. Nikamwambia ni dada yangu, anakuja.

Yule mama akawaambia wenzake. Wakaanza kuita jina. Walilitamka vibaya, Feida, Feida, wakigonga kengele, kwanza wachache, halafu upande wa pili wa barabara nao wakaitikia, watu ambao hawakujua hata kambi iko bara gani. Baba alikuwa amesimama ameshika usukani. Nilimwangalia ili nione furaha yake. Mdomo wake ulikuwa wazi kidogo. Hakuwakataza. Alisikiliza mpaka walipochoka wenyewe.

Wale wanaolipwa walipita kwa kishindo cha upepo, wote kwa pamoja, rangi nyingi, magurudumu yakivuma, wakalikanyaga jina wakaenda zao. Sikumbuki uso wa hata mmoja. Walipokwisha kupita chaki ilikuwa imefutika kidogo katikati, kwenye I. Baba hakuwaangalia hata kidogo. Alikuwa anaiangalia lami.

Walipofungua barabara, akaniweka kwenye keria tena. Tukaanza kushuka, na hakushika breki. Mteremko ule una kona, na chini ya kona kuna miti na korongo. Miti ikaanza kukimbia, macho yangu yakatoka machozi kwa upepo, kizibao kikapiga kelele mikononi mwangu. Nilidhani anacheza nami, baba hakuwa mtu wa kucheza. Nikacheka kwanza. Halafu nikaacha kucheka, nikamkumbatia tumbo nikamwita baba. Hakujibu. Nikamwita tena, nikiwa nimebana shavu kwenye mgongo wake, na nikasikia tumbo lake limeshtuka kama mtu aliyeamshwa. Akakamata breki zote mbili. Raba ikaungua mpaka ikatoa moshi. Harufu ile naijua mpaka leo, basi likifunga breki ghafla pale mjini huwa nashika kitu kilicho karibu. Tulishuka sehemu iliyobaki polepole sana, mpaka watembea kwa miguu wakatupita.

Tulipofika nyumbani viatu vilikuwa vimejaa nje ya mlango. Viatu vya kanisa zima, vya kazini, vya kulalia, ndala. Nikajua ni watu wa shukrani, Faida amepona, habari zimeshafika. Nikaingia mbio nikasema kwa sauti tumefika juu. Mke wa mchungaji wetu akanivuta akanikalisha mapajani pake, akaniambia ninyamaze kwanza. Walikuwa wameshalitaja jina. Mama alikuwa sakafuni, kitenge cha baiskeli amekibana kifuani, akamwinulia baba macho pale mlangoni.

"Ulikuwa unajua asubuhi," akasema.

"Nilikuwa najua," baba akajibu. Akaegemeza baiskeli ukutani, akavua viatu.

Ndiyo hivyo. Nilihesabu mwenyewe kichwani: sharti lilikuwa kufika juu, tumefika, na Faida amekufa. Kwa hiyo kinga hailindi. Hilo ndilo nililokuwa nalilia moyoni wakati wengine wanamlilia dada yangu, na lilipokauka nikabaki mkavu nalo. Watu walisema huyu mtoto ana nguvu. Sikuwa na nguvu. Ile ganzi ya miguuni ilipanda ikakaa, basi. Wahenga wanasema yaliyopita si ndwele. Labda wahenga hawakuwahi kuhama miji mitatu na baiskeli ya marehemu.

Maana tulihama. Mama hakutaka tena kuona kilima kile. Tukaenda Columbus, kule Whitehall, ambako barabara ni pana na hakuna mtu anayetembea kwa miguu, baiskeli ikakaa kibarazani inaangalia magari. Baba alisikia kuna viwanda Buffalo, tukaja Buffalo, theluji ikatufundisha adabu, baiskeli ikashushwa chini ya nyumba wakati wa baridi na kupandishwa barazani majani yakichipua. Hakuna aliyeipanda hata siku moja. Baba aliijaza upepo, akaupaka mnyororo mafuta. Hatukuizungumzia, wala kamulima kale hatukukataja.

Juzi hiyo nikapita kwake nilipotoka kazini. Anakaa Lower West Side, nyumba ya mbao, ghorofa ya chini. Nilimkuta barazani amekaa kwenye kiti chake, kipande cha mnyororo kiko mapajani, anakikunja na kukikunjua. Mama alikuwa kazini kwa wazee anaowahudumia. Nikakaa kwenye ngazi. Nikamwambia tutafute nyingine inayofanana. Akasema hapana, imetosha, aliyeichukua labda ana safari.

Jua lilikuwa bado liko juu ya mapaa. Nikamuuliza jambo ambalo sijawahi kumuuliza, sijui kwa nini siku hiyo, pengine kwa sababu kitu chenyewe hakikuwepo tena kutusikiliza. Nikamuuliza kwa nini alinichukua siku ile. Alikuwa na habari ya namna ile mdomoni, alikuwa hajalala, angeenda peke yake, ningebaki na mama.

Baba hakushangaa. Alijibu kama mtu wa kazi anavyoeleza kazi yake.

"Kinga bila muzigo haishukake muzuri," akasema. "Inaruka. Inakutupa."

Nikamwangalia mikono, ilikuwa imetulia. "Siku ile ulitaka ikutupe?"

"Ndiyo." Akauweka mnyororo chini, taratibu, karibu na mguu wa kiti. "Njo maana nilikupakia."

Gari likapita. Jirani akaita mtoto wake aingie ndani. Nikauokota ule mnyororo, nikaanza kuukunja na kuukunjua, nikasikia ubaridi wake viganjani. Baba akaniona. Akasimama, akashika mlango, akaniuliza kama nimekula.

Nikasema bado. Akaingia kunitafutia sahani.